Uzoefu wangu: Jumapili asubuhi kwenye A9, Berlin hadi Leipzig

Ukitaka kuonja Autobahn (barabara kuu ya kasi ya Ujerumani) isiyo na kikomo cha mwendo, nenda Jumapili. Siku hiyo malori makubwa hayaruhusiwi barabarani mpaka saa nne usiku, na ndiyo maana safari yangu ilikuwa tamu.

Nilikodi BMW ya dizeli Berlin, nikashika A9 kuelekea Leipzig, leni tatu kila upande. Mimi nimejifunzia gari Morogoro, tunakoendesha kushoto, kwa hiyo nusu saa ya kwanza sikuthubutu kupita kilomita 120 kwa saa. Kisha kikatokea kile kibao cheupe cha duara chenye mistari ya mshazari: vikomo vyote vimeisha. Nikakanyaga mafuta. 160, 180, 200! Gari limetulia, lami imenyooka, upepo umeimeza redio. Furaha ile sijawahi kuipata nikiwa nyuma ya usukani.

Ila 200 inachosha haraka. Mashamba na misonobari huyaoni. Macho yote yako mbele na kwenye kioo. Hesabu wanayofundishwa wanafunzi wa udereva kule ni hii: kwenye 100, breki zinahitaji kama mita 100 gari lisimame, kwenye 200, mita 400, na hapo bado hujahesabu muda wa kushtuka. Baada ya dakika chache nikashuka hadi 160, na hapo ndipo nilipofaidi kweli.

Raha yote inabebwa na nidhamu ya leni. Ukishaovateki unarudi kulia, na kumpita mtu kwa upande wa kulia ni kosa. Nikiwa 190 niliona taa ndogo kwenye kioo. Kufumba na kufumbua, Porsche imeshanipita. Tangu hapo nilitazama kioo mara mbili kabla ya kuhama leni.

Kusini mwa Dessau unapita kipande ambapo dereva wa mbio za magari Rudolf Caracciola alivunja rekodi za mwendo kwa Mercedes mwaka 1939. Nilipunguza makusudi nikitazame.

Barabara yenyewe gari dogo halilipii, lakini mafuta yanakwisha unayaona. Jambo jingine: mwendo unaoshauriwa ni 130. Ukiuzidisha ukapata ajali, unaweza kubebeshwa sehemu ya gharama hata kama aliyekosea ni mwenzako, kwa hiyo soma vizuri bima ya gari unalokodi.

Nilirudi Berlin saa mbili usiku, malori bado yamelala kwenye maegesho.