Lipu iliyopakwa juu ya hewa: uzoefu wangu na fundi wa uzio wa mbwa

Fundi aliyenijengea uzio wa mbwa wangu hapa Luchelele, Mwanza, aliniambia kwenye simu maneno haya: "Mama, mbwa ni mbwa tu. Kwani kenge angekuwa amekula kuku ungenipigia?" Alipokuwa akiyasema, mimi nilikuwa kwenye benchi nje kwa daktari wa mifugo, mbwa wangu Njugu yuko mapajani kwangu nimemfunika kanga, na kanga imeshaloa damu. Zimepita wiki kadhaa sasa, maneno yale bado yamenikaa kooni.

Nina mbwa wawili wadogo, Njugu na Sukari. Niliachiwa na dada yangu alipohamia nyumba ya kupanga ambayo mwenye nyumba hataki mbwa. Njugu ni wa kahawia, ana masikio makubwa kuliko uso. Sukari ni mweupe na hata kilo tatu hafiki. Wapita njia huuliza, "Hawa nao wanalinda nini?" Hawalindi chochote. Mimi ndiye ninayewalinda, na ndiyo maana nilitafuta fundi.

Anayejua Mwanza anajua viwanja vyetu. Nyuma ya nyumba yangu ardhi inashuka kuelekea ziwani, na katikati kuna mwamba uliotokeza kama mgongo wa kiboko. Upande wa juu mawe yamepandana, ndani yake pimbi wamejaa. Pimbi mkubwa ana kilo tatu mpaka nne. Sasa fikiria: mbwa wangu ana uzito wa pimbi, ana manyoya kama pimbi, na anapenda kulala juu ya jiwe jua linapochomoza kama pimbi. Chatu anayekula pimbi ana sababu gani ya kumwacha Sukari? Na upande wa chini kuna majirani wanaoanika dagaa, na penye dagaa kuna kila kitu: mwewe, korongo, mbwa wasio na mwenyewe, na kenge wanaopanda kutoka majini mchana kweupe.

Kabla ya kumwita fundi nilitazama video nyingi za Wamarekani wenye mbwa wadogo. Kwao hofu kubwa ni koyote, mnyama wa jamii ya mbweha anayeweza kuruka uzio mrefu, na vipanga wa angani. Wapo wanaowavalisha mbwa vizibao vyenye miiba mgongoni. Ushauri wao mwingi ni mzuri: usimwache mbwa mdogo nje peke yake, mwingize ndani giza likiingia, usitumie wavu wa kuku kwa sababu ule umetengenezwa kumzuia kuku asitoke, haukutengenezwa kumzuia mwenye meno asiingie. Halafu wanasema uchimbe, uzike wavu chini kiasi cha futi moja ili mnyama asichimbe akapita. Hapo ndipo kwangu palipokuwa na shida. Futi moja ya udongo naitoa wapi? Sehemu kubwa ya uwanja ukipiga jembe linalia ngaa, ni mwamba.

Nilimweleza fundi hayo yote, nikamtembeza hatua kwa hatua. Nikamwambia, fundi, penye udongo chimba. Penye mwamba sitaki uache hata nafasi ya kupita panya, hapo tumwage zege, wavu ushikwe na zege lenyewe. Akasema, "Mama ondoa shaka, hapo hapapiti kitu." Alisema hivyo mara tatu. Alikubali pia kwamba wavu wa kuku haufai, tukanunua ule wa kuchomelewa, wenye matundu ya inchi moja. Nilinunua mabomba ya skwea, bati, rangi ya kuzuia kutu, simenti, mchanga na kokoto. Kokoto za kutosha kabisa.

Haki yake nimpe. Kuchomelea anajua. Maungio yake yametulia, amepiga grinda mpaka ukipitisha kiganja hukwaruzwi, na hilo kwa mbwa mwenye ngozi laini si jambo dogo. Geti linafunga vizuri, komeo ameliweka juu ambapo pua ya mbwa haifiki. Bati la kivuli amelilaza likielekea upande sahihi, mchana jiwe halichomi. Kwa siku kama kumi hivi nilikuwa namsifia kwa kila mtu. Nilisema Mwanza nzima huyu kijana ndiye fundi.

Sasa niwaambie alichofanya penye mwamba.

Mwamba ule haukunyooka, una mabonde na vilima vyake, kwa hiyo wavu ukiushusha wima unagusa hapa, unaelea pale. Pale ulipoelea palibaki uwazi wa ngumi moja, pengine ngumi moja na nusu. Hakumwaga zege. Alichukua vijiwe vya kawaida, akavishindilia kwenye uwazi kwa mkono, juu akapaka lipu nyembamba ya simenti na mchanga, akailainisha kwa vidole. Kwa macho ilikuwa imekamilika. Mimi mwenyewe nilisimama pale nikasema asante, nikamalizia pesa yake, nikampa na ya soda. Alama za vidole vyake vinne zilikuwa pale kwenye lipu, zimekauka, kama mtu aliyekata mandazi.

Mvua zilipoanza zilianza kwa nguvu, zile za usiku zinazotoka ziwani na radi. Maji yanatiririka juu ya mwamba kama kwenye bati. Yalipita chini ya ile lipu siku ya kwanza, ya pili, na sijui ya ngapi, yakasomba mchanga, vijiwe vikalegea. Juu lipu ikabaki imesimama kama ganda la yai. Ukitazama kutoka jikoni huoni kitu.

Siku yenyewe ilikuwa saa nane mchana, jua kali baada ya mvua. Nilikuwa nimewawekea chakula chao, ugali na dagaa, nikaingia ndani kuchukua maji. Sikukaa dakika tano. Nikasikia Sukari analia, na Sukari si mbwa wa kulia. Nilipotoka nikaona mkia kwanza. Mkia mrefu, una madoa ya manjano, unapiga huku na huku unagonga wavu, na kila ukigonga uzio mzima unalia. Kenge alikuwa ndani. Urefu wake ulikaribia wangu. Alifuata dagaa, sina shaka, na Njugu mpumbavu wangu mpendwa alisimama mbele ya sahani.

Alimng'ata paja la nyuma. Nilichukua ufagio wa chelewa, nikapiga bati, nikapiga kelele, jirani akaja na mti. Kenge akaachia, akageuka, akapita palepale alipoingilia. Hapo ndipo nilipoiona ile lipu ikivunjika vipande, na lile tundu nyuma yake. Nililala kifudifudi kwenye mwamba wenye maji nikaingiza mkono. Ulipita mpaka kwenye kiwiko bila kugusa jiwe hata moja.

Daktari wa mifugo alimpokea vizuri, namshukuru. Alinyoa manyoya, akaosha jeraha kwa maji ya chumvi muda mrefu mpaka nikadhani hatamaliza, akashona kidogo tu na kuacha sehemu wazi ili uchafu utoke. Alisema mdomo wa kenge una bakteria wengi, ukifunga jeraha lote unafungia na usaha. Nilimuuliza kuhusu kichaa cha mbwa maana nilikuwa natetemeka. Akanituliza: ugonjwa ule ni wa wanyama wanaonyonyesha, kenge ni mtambaazi, halafu chanjo ya Njugu ilikuwa bado ndani ya mwaka. Nilimwambia mimi muda wote nilikuwa naogopa mwewe, ndiyo maana nikaweka bati na wavu juu. Akasema mwewe kwa kawaida hata kilo moja hana, hawezi kumbeba mbwa wa kilo tatu. Wa kuangalia angani kwetu ni furukombe na tai wakubwa, lakini wengi wanaoletwa kwake wameumizwa na kilichotoka chini.

Nikatoka nje, nikakaa kwenye benchi, nikampigia fundi. Wallahi sikumpigia kudai pesa. Nilitaka aje aone, aseme "pole mama, nakuja kuziba." Basi. Ningemwandalia na chai. Akaniambia mbwa ni mbwa tu.

Nimefikiria sana kwa nini neno lile limeniuma kuliko tundu lenyewe. Tundu ni kosa, kila fundi anakosea. Lakini kumbe siku zote tatu alizokuwa akifanya kazi kwangu, akinywa uji wangu, akimwita Sukari "shemeji" na kumchezea masikio, kichwani alikuwa anapima: hii ni ya mbwa, haina haja ya zege. Geti alilitengeneza vizuri kwa sababu geti linaonekana. Chini hapaonekani.

Aliyeniokoa ni mzee mmoja mwashi wa Butimba, rafiki wa marehemu baba. Nilimsalimia kwa Kisukuma, mwangaluka, akaitikia, akaenda moja kwa moja kwenye mwamba. Aligonga lipu iliyobaki kwa mpini wa mwiko, ikatoa sauti ya debe. Akasema, "Mwanangu, hii imepakwa juu ya hewa." Akaibandua yote. Kisha akaukwaruza ule mwamba kwa patasi mpaka ukawa na makovu, akauosha kwa brashi na maji, akasema zege halishiki jiwe lenye utelezi na ukungu, lazima jiwe lionje chuma kwanza. Sehemu ya chini ya wavu akaikunja kwa nje kama kanzu inayoburuta, kiasi cha futi moja, akamwaga zege juu yake. Nikaambiwa nimwagilie maji siku saba asubuhi na jioni. Nilimwagilia. Simenti aliyotumia ilikuwa ni mabaki ya mfuko nilionunua kwa ajili ya yule fundi, robo tatu ilikuwa bado imo. Mfuko ulikuwa store muda wote huo, na mimi sikuuona.

Nilipoanza kuandika nilitaka kusema msimpe kazi kabisa. Nikafuta, maana si kweli kwamba hajui kazi. Wiki iliyopita jirani wa pili, mwenye mbwa mwenye watoto, aliniuliza nani alichomelea geti langu, nikampa namba. Ndiyo, nilimpa. Nilimwambia simama naye pale anapofika chini, usiende jikoni, usiende popote, mpaka uone zege linaingia. Kwa kazi ya chuma nilikuwa tayari kumsifia hata hapa.

Halafu juzi nikakutana naye duka la vifaa vya ujenzi, Nyegezi. Alinisalimia "shikamoo mama" kwa heshima zote, nikaitikia. Nikasubiri. Akaniuliza, "Vipi, yule mdogo alipona?" Moyo ukalainika, nikasema amepona ila anachechemea. Akacheka kidogo, akamgeukia mwenye duka akamwambia, "Huyu mama ana mbwa kama watoto." Wakacheka wote wawili. Hakusema pole. Mtu amesimama mbele yangu, ameshika mfuko wa simenti begani, na neno pole halikumtoka.

Kwa hiyo narudi nilikoanzia. Namba yake niliyompa jirani nimekwenda kumwomba asiitumie, na nimempa ya mzee mwashi pamoja na ya kijana mwingine wa Mkolani ambaye kuchomelea kwake si kuzuri vile, grinda yake inaacha makali, lakini alipokuja kurekebisha bawaba alipiga magoti bila kuambiwa akatazama chini ya geti. Makali nitayapiga msasa mwenyewe.

Kama una mbwa mdogo na uwanja wako ni wa mawe kama wangu, fanya hivi mvua ikishanyesha kubwa mara moja: chukua ufito, zunguka uzio kwa nje, choma chini kila hatua. Usitazame, choma. Na usilishe dagaa nje. Sahani yao sasa iko barazani, wakimaliza inaoshwa. Kuna aliyeniambia niwafunge mnyororo wakiwa uani. Sitafanya hivyo, mbwa aliyefungwa hana pa kukimbilia, na Sukari siku ile alipona kwa sababu alipanda juu ya kibanda.

Njugu anakula, anabweka, jeraha limefunga na manyoya yameanza kurudi. Lakini upande ule wa mwamba hapiti. Bakuli la maji liko hatua nne kutoka mlangoni kwa njia hiyo, na zege pale sasa ni gumu kama jiwe lenyewe. Akitaka maji anazunguka uzio mzima kwa upande wa geti, anachechemea, anakunywa, kisha anarudi kwa njia ileile ndefu.