Picha za Misa ya Ndoa katika Kanisa la Kale, Tabora: Tathmini ya Huduma

Pasaka ikishapita, Jumamosi za Tabora hujaa ndoa. Parokia nyingi hazipangi Misa za ndoa wakati wa Kwaresima, hivyo wachumba ambao matangazo yao yamekwisha kusomwa hugombea Jumamosi chache za mwishoni mwa Aprili na za Mei, na wapiga picha nao hugombewa vivyo hivyo. Nikiwa katibu wa kamati ya ndoa ya binti wa dada yangu, nilikabidhiwa jukumu la kutafuta mpiga picha, na tukakubaliana na kijana mwenye studio ndogo mjini, anayefanya kazi na msaidizi mmoja. Nitazungumzia zaidi kazi yake ya kanisani, kwa kuwa ukumbini, penye taa nyingi na watu wanaocheza, karibu kila mwenye kamera hutoka na picha za kuridhisha.

Ndoa ilifungwa katika kikanisa cha zamani cha misheni nje kidogo ya mji. Wamisionari wa Afrika, wale wanaoitwa Mapadre Weupe, walifika Tabora mwaka 1878, na wazee wa familia yetu walisisitiza ndoa ifungwe mahali penye kumbukumbu ya imani hiyo badala ya kanisa jipya lenye nafasi kubwa. Kuta zake ni nene na madirisha yake ni membamba, jambo ambalo ni neema wakati wa joto la Oktoba lakini ni mtihani kwa mpiga picha, kwa maana anayetoka nje kwenye jua la saa nne huingia ndani na kusimama kwanza mpaka macho yazoee.

Kilichonifanya nimwamini ni siku ya mazoezi. Alifika mapema, akamwamkia paroko, kisha akamwuliza: "Baba, ni wapi nisikanyage?" Paroko akamwonyesha kwamba asipite mbele ya altare, asipande ngazi za patakatifu, na asitumie flashi tangu masomo yanapoanza mpaka baada ya komunyo. Niliwahi kuona, katika ndoa nyingine, mpiga picha akimwomba padre arudie kuibariki pete kwa sababu picha ya kwanza ilikuwa na ukungu, na sikutaka aibu hiyo iingie katika familia yetu.

Bila flashi, hesabu ya mwanga huwa ngumu. Kamera iliyoachwa ijiamulie hupima kana kwamba kila kilicho mbele yake kina weupe wa wastani, hivyo ikikutana na shela, gauni na kasula (vazi la juu la padre) nyeupe ya kipindi cha Pasaka, hupunguza mwanga, na nyuso zetu Waafrika zinabaki vivuli vyenye meno. Yeye alipima mwanga kwenye nyuso za maharusi, kisha akahakikisha kwamba nakshi za gauni hazipotei katika weupe. Alitumia lenzi inayofunguka hadi f/1.8, yaani yenye tundu pana la kuingiza mwanga, akapandisha ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga, mpaka 3200, na picha zina chembechembe kidogo ambazo binafsi hazinisumbui. Kamera yake ina uwezo wa kupiga bila mlio, lakini chini ya taa za LED namna hiyo ya kupiga huweza kuacha mistari kwenye picha, kwa kuwa umeme wetu wa 50 Hz huzifanya baadhi ya taa hizo zipepese mara 100 kwa sekunde. Alijaribu siku ya mazoezi, akaona mistari, akashusha kasi ya kupiga mpaka 1/100 ya sekunde, nayo ikatoweka. Nimeyaeleza haya kwa urefu kwa sababu mteja hayaoni, ilhali ndiyo anayoyalipia.

Aliifahamu pia Misa yenyewe. Padre alipowauliza wachumba yale maswali ya hiari, uaminifu na watoto, mpiga picha alikuwa amekwisha kusogea upande wa kwaya, hivyo walipopeana mikono ya kuume na kutamka maagano, nyuso zote mbili zilimwelekea na mshumaa wa Pasaka ulikuwa unawaka nyuma yao. Picha hiyo ndiyo iliyowekwa sebuleni kwa dada yangu. Wakati wa mageuzo, padre anapoweka wakfu mkate na divai, aliishusha kamera akapiga magoti kama waamini wengine. Hakuna picha ya dakika hizo, wala hakuna aliyeiulizia.

Upande wa wapambaji sikuridhika, ingawa kosa hilo si lake: walifunika nusu ya ukuta wa kale kwa vitambaa vya satini, na katika picha kadhaa mtu hawezi kujua kama ni kanisani au ukumbini.

Kasoro zake mwenyewe zipo. Picha za ukoo zilipigwa nje saa sita, chini ya mwembe wenye matawi machache, na wajomba wametoka na madoa ya jua usoni. Ilitosha kuwahamishia upande wa kusini wa jengo, au kusubiri wingu, ambalo mwishoni mwa mvua halikosekani. Baya zaidi, katika awamu ya kwanza ya picha zilizohaririwa alikuwa amemng'arisha bibi harusi ngozi mpaka akafanana na mtu mwingine. Tulipolalamika alizirudia bila malipo na bila kinyongo, akieleza kuwa wateja wengi huomba hivyo. Anayetaka kubaki na rangi aliyopewa na Mungu amwambie mapema, ikiwezekana kwa maandishi. Albamu nayo ilichelewa kupita ahadi kwa sababu huchapwa Dar es Salaam na kuletwa kwa basi.

Bei yake si ya chini kwa viwango vya Tabora, na hudai nusu kabla ya kuandika tarehe kwenye daftari lake. Kwa Misa ya ndoa katika jengo la kale lenye giza ningemchukua tena, ila picha za ukoo ningempangia saa kumi jioni. Video hatukumwagiza.