Jozi moja ya viatu vya voliboli, nafasi nne uwanjani

Kwenye timu yetu mimi ndiye mchezaji wa kuziba pengo. Seta, yule anayewaandalia washambuliaji mpira, akiumwa, naseti. Libero, mlinzi wa safu ya nyuma, asipokuwepo, navaa jezi ya rangi tofauti na kuokota mipira. Kwa hiyo jozi hii niliyoipata miezi mitano iliyopita nimeitembeza karibu uwanja mzima, na nimegundua jambo ambalo maelezo ya kwenye boksi hayakulitaja: kiatu kilekile kinaweza kuwa raha tupu nyuma ya mstari wa mita 3 kutoka wavuni na adhabu mbele yake.

Jina la kampuni naliacha. Kiatu chenyewe ni chepesi, kina shingo fupi, na soli yake haina unene. Ni mpira laini wa rangi ya asali, umetanuka kidogo ubavuni, na chini ya unyayo wa mbele mistari yake imezunguka kama duara.

Nianze na libero, maana hapo ndipo kimenifurahisha zaidi. Libero haruhusiwi kupiga bloku, yaani kuruka wavuni kuzuia mpira kwa mikono, wala kushambulia mpira ulio juu ya ukingo wa wavu. Kazi yake iko chini: magoti yamekunjwa, uzito umeegemea mbele ya nyayo, visigino vimeinuka kidogo tu. Anasogea kwa hatua fupi za kando bila kupishanisha miguu, ili mpira ukibadili njia ghafla naye aweze kubadili. Hatua hizo zinasukumwa na ukingo wa ndani wa unyayo, na kiatu chenye soli nene hapo kinakuchelewesha, kwa sababu mguu unazama kwanza ndipo usukume. Hiki kinasukuma papo hapo.

Kuna mpira mmoja siusahau. Mpigaji wao aliruka kama anayetaka kuubamiza, kisha akaudokoa tu kwa ncha za vidole, ukapita juu ya bloku yetu. Nilikuwa nafasi ya 5, nyuma kushoto, nimejiweka tayari kwa kombora. Nilipiga hatua mbili za mbio, kisha nikajirusha kifudifudi na kutandaza kiganja sakafuni, mpira ukadunda mgongoni mwa kiganja na kupanda. Katika kujirusha kule, pua ya kiatu cha kulia iliburuzwa sakafuni. Ndivyo inavyokuwa kila mara, na ndiyo sababu naisifu ngao ya mpira iliyopanda juu ya pua. Imechubuka na kupauka, lakini kitambaa cha nyuma yake bado kizima.

Useta nao umeenda vizuri. Watu wengi wanatazama mikono ya seta, ila mimi naamini useta uko miguuni. Timu yetu ikipokea sevu nami nikiwa nafasi ya 1, nyuma kulia, lazima nisubiri mpira upigwe ndipo nichomoke, nisije nikavunja mpangilio wa zamu. Kutoka pale nyuma nakimbilia wavuni, kati ya nafasi ya 2, mbele kulia, na ya 3, mbele katikati, na natakiwa niwe nimesimama kabla pasi haijafika. Pasi ikiwa fupi narudi tena nyuma mita mbili au tatu, nageukia upande wa nafasi ya 4, mbele kushoto, mguu wa kulia ukiwa mbele kidogo, ndipo mikono ipande. Mgeuko ule ndio unaoumiza magoti ya maseta wengi: kiatu kinang'ang'ania sakafu huku mwili ukiendelea kuzunguka. Lile duara chini ya unyayo linaruhusu mguu uzunguke bila kuteleza. Mwanzoni nilidhani ni urembo tu. Baada ya mazoezi matatu ya kugeuka na kugeuka tena, goti langu la kulia, ambalo lina historia, halikulalamika.

Sasa lawama. Nilicheza ushambuliaji wa kushoto, nafasi ya 4, kwa wiki sita hivi. Mimi natumia mkono wa kulia, kwa hiyo hatua zangu za mwisho ni kushoto, kulia, kushoto. Ile ya kulia ni ndefu na inatua kwa kisigino. Ya kushoto inafuata haraka, inatua mbele kidogo, vidole vimegeukia ndani, na hapo ndipo mbio za kwenda mbele zinageuzwa kuwa mruko wa kwenda juu. Uzito wote wa mwili unataka kuendelea kwenda wavuni, na kinachouzuia ni ukuta wa nje wa kiatu cha kushoto. Wiki ya nne gundi ya pale ikaanza kuachia, upande wa kidole kidogo, mwanya wa kupenya ukucha. Cha kulia hakina hata ufa. Fundi amekishona na sasa kimekaza, lakini aliyetengeneza kiatu cha voliboli alipaswa kujua kwamba mshambuliaji hupiga breki mahali pamoja mara mia kwa siku ya mazoezi.

Katikati, kwa nafasi ya 3, nasema wazi: usikivae. Mzuiaji wa kati hapumziki. Anaruka kushambulia pasi ya haraka ya seta hata asipopewa, ili tu mzuiaji wa upande wa pili abaki naye. Kisha anatua na kuanza kumsoma seta wao, na mpira ukienda pembeni analazimika kufika karibu na antena, fimbo ya ukingoni mwa wavu, kwa hatua tatu: fupi ya kuanzia, ya pili ndefu inayopishana mbele ya mwili, ya tatu ya kufunga miguu na kuukabili wavu. Anaruka tena, anatua tena. Hatua zenyewe kiatu kilizimudu, hata ile ya kupishana, maana ule utanuzi wa ubavuni unazuia mguu usipinduke. Tatizo ni kutua. Kisigino hakina kitu cha kupokea uzito. Seti ya kwanza sikuhisi lolote, ya pili nikaanza kutua kwa tahadhari, na mzuiaji anayetua kwa tahadhari anachelewa mruko unaofuata. Kesho yake asubuhi nilishuka ngazi kwa kushika ukuta. Nikajaribu siku nyingine mbili, majibu yakawa yaleyale.

Kuhusu shingo fupi, wengi huiogopa kwa sababu ya vifundo vya miguu. Mimi siioni kama kosa. Kifundo mara nyingi huteguka pale unapotua juu ya mguu wa mwenzako au wa mpinzani chini ya wavu, na sheria inamruhusu mpinzani kuvuka na unyayo mradi sehemu yake iguse mstari wa kati au iwe juu yake. Ukitaka kinga, vaa kifunga kifundo, na shingo hii inakiachia nafasi ya kukaa vizuri.

Kwenye sakafu yenye vumbi soli inapoteza mshiko haraka, pengine ndani ya dakika kumi. Natumia kitambaa chenye unyevu kidogo pembeni ya uwanja na kufuta kila mpira unaposimama. Kwa vipimo, chukua namba yako ileile, ila ukijaribu usisimame wima tu. Chuchumaa kama unapokea, sogea kando hatua nne, uone kama vidole vinagonga pua.

Nimeagiza jozi ya pili ya hivihivi kwa siku za libero na useta. Zile za zamani, nzito, zenye kisigino kinene, nimezirudisha mkobani, maana wiki ijayo kocha ameniweka katikati.