Mlango wa maktaba ya McMillan, nyota tano kutoka kwangu

Kama uko tao na hujawahi kusimama mbele ya maktaba ya McMillan pale Banda Street, we simama tu siku moja. Watu wanapita hapo mbio wakienda msikiti wa Jamia ama wakikimbilia matatu, na mimi nasema kwa jengo la umma hapa Nairobi sijaona mlango wa kuushinda ule.

Wa kwanza kukupokea ni simba wawili wa mawe, mmoja huku mwingine kule, halafu zinakuja zile ngazi pana, halafu nguzo nene, granaiti na marumaru nyeupe. Ni ule mtindo wa mahekalu ya kale ya Ugiriki na Roma, lakini kitu kinachonibamba zaidi ni vile ngazi zinafanya kazi yake, yaani unatoka kwa kelele za makanga na mahoni, unapanda, na kabla hujafika mlangoni ushaanza kutembea polepole na kuongea chini chini, hakuna askari amekuambia nyamaza. Aliyechora hapo alijua anachofanya.

Jengo lilifunguliwa 1931. Lady Lucie McMillan alilijenga kumkumbuka mumewe Northrup, Mmarekani wa kutoka St. Louis aliyefariki 1925, na Carnegie Corporation, shirika la ufadhili la Marekani, ilisaidia na pesa. Lina mpaka sheria yake lenyewe ya kulilinda, tangu 1938.

Sasa kuna mtu ataniambia huo ni ukoloni mtupu, unausifu wa nini. Naelewa kabisa, kwa sababu miaka yote hiyo Mwafrika alikuwa anawaona hao simba akiwa barabarani, kuingia kusoma hapana, mpaka 1958 ndio milango ikafunguliwa kwa kila mtu. Ukijua hivyo zile nguzo zinabadilika machoni, ukubwa wake ulikuwa wa kukutisha pia. Lakini ndio maana mimi nataka watu wapande! Mtoto wa mtaa wa Kaloleni akipanda hizo ngazi na begi lake la shule anaenda kuketi mezani asome, hakuna wa kumuuliza anatafuta nini. Na hapo lazima niwapongeze Wanjiru Koinange na Angela Wachuka, walianzisha shirika la Book Bunk 2017 na wameshika hii kazi ya kurudisha uhai McMillan pamoja na matawi ya Kaloleni na Makadara, kazi kubwa sana hiyo.

Ushauri wangu, usiishie kupiga picha na simba ukaenda zako kama wengi wanavyofanya. Panda mpaka juu, shika ile granaiti, angalia vile nguzo zimekutana na paa, kisha ingia ndani usome hata nusu saa. Ukitoka pitia hapo jirani uangalie kuba na minara ya Jamia, ilijengwa kati ya 1925 na 1933, yaani majengo mawili ya rika moja yanapakana na hayafanani hata kidogo, na kiingilio cha kuyaangalia kwa nje ni bure.