WiFi ya Kompyuta ya Mezani Ghorofani: Angalia Antena, Achana na Namba za Kwenye Boksi

Malalamiko mnayoniletea yanafanana: simu ikiwa juu ya meza inavuta WiFi vizuri, kompyuta iliyo chini ya meza hiyohiyo inasuasua. Wengi mmeshauriwa dukani mbadilishe ruta. Mnapotezewa hela.

Tazameni nyuma ya CPU. Kile kidude cha kuipa kompyuta WiFi kimebanwa kati ya bati la CPU na ukuta, karibu na sakafu, na bati linazuia mawimbi. Kikikaa kwenye tundu la USB 3.0, lile ambalo mara nyingi ni la buluu, na pembeni yake kuna diski ya nje inafanya kazi, mambo yanazidi kuharibika. Intel walieleza tangu 2012 kwamba USB 3.0 hutoa kelele za redio kwenye masafa yaleyale ya 2.4 GHz. Na ghorofani masafa hayo yameshajaa ruta za majirani wa juu, chini na pembeni, nyingi zinabanana kwenye chaneli 1, 6 na 11.

Kwa hiyo mimi napanga vifaa kwa swali moja: antena yake inaweza kutoka nyuma ya CPU ikapanda mezani?

Namba moja ni TP-Link Archer TX50E, na sifichi kwamba naipenda TP-Link. Ni kadi ya ndani ya WiFi 6, lakini antena zake mbili zinakaa kwenye kitako chenye sumaku na waya wake. Unakiweka juu ya meza, mbali na bati, basi. Inataka nafasi ya PCIe, yaani tundu la kuchomekea kadi ndani ya CPU, hivyo wenye zile OptiPlex Micro za mtumba, kompyuta ndogo za Dell zisizo na tundu hilo, haiwahusu.

Hao wachukue Archer T3U Plus, namba mbili. Ni ya USB, ina antena ndefu na inashika pia 5 GHz, masafa tofauti na yale yaliyojaa. Ongezeni waya wa USB wa kurefushia, kidude kikae mezani. Msiuache waya huo dukani, ndio wenye kazi.

Namba tatu, vile vidogo kama kucha, mfano TL-WN725N: 2.4 GHz peke yake. Ni vya dharura.

Kinachoniudhi ni wauzaji wa Kariakoo wanaokusomea "1200 Mbps" kwenye boksi lisilo na jina la maana. Hiyo ni kasi ya 867 ya 5 GHz na 300 ya 2.4 GHz zimejumlishwa kisha zikakadiriwa kwenda juu, wakati kidude kinatumia moja tu kwa wakati. Bei nazo ni vurugu. Duka moja lilinitajia bei kwenye simu, nilipofika kadi ileile ikawa imepanda. Sasa naomba bei kwa maandishi WhatsApp kabla sijapanda daladala, na nikifika kaunta naanza kwa kuwaonyesha ujumbe wao.