Apu za kukokotoa pesa ya kustaafu: hesabu ziko poa, maswali ndo shida (nyota 3 kati ya 5)

Haya jamani, muda sasa nachezea hizi apu za bure za kukokotoa pesa ya uzeeni, zile unajaza umri, mshahara, akiba uliyonayo na mwaka unaotaka kustaafu halafu zinakuchorea grafu inapanda hadi juu, nikasema wacha niandike kidogo maana watu wengi wanaangalia ile namba ya mwisho tu wanafunga simu, huyu kafurahi yule kapata presha, na wote wawili hawajui namba imetoka wapi. Jina la ninayoitumia silitaji, zenyewe zimefanana sana.

Nianze na kizuri chake. Hesabu iko sahihi, na kuna kitu inakuonyesha ambacho kichwani huwezi kukipata. Chukua mtu anaweka 100 kila mwezi, 100 ya pesa yoyote ile anayotumia, ikawa inakua kwa 7% kwa mwaka na faida hairudishwi mfukoni. Miaka 20 anakuta kama 52,000. Akiendelea mpaka 30 inakaribia 122,000. Yaani ile miaka kumi ya mwisho katoa mfukoni 12,000 tu ila mfuko umeongezeka karibu 70,000! Sisi tumezoea kujumlisha, ukiniambia miaka kumi zaidi mi nafikiria nusu zaidi basi. Kwa hilo peke yake naipa nyota mbili, na kama una mdogo wako ndo kaanza kazi juzi mwonyeshe hiyo grafu tu, usimhubirie.

Sasa tuje kwenye maswali yake.

Mfumuko wa bei wameuficha. Inabidi uingie kwenye mipangilio, ushuke chini kabisa, ndo unakuta kisanduku chake kimeandikwa 0 na usipokigusa apu inaenda hivohivo kama vile bei za leo zitakusubiri mpaka uzeeke. Mtu yeyote anayenunua vitu vya nyumbani anajua hilo haliwezekani, mbona waliotengeneza hawakuuliza hata mmoja? Kuna hesabu ya haraka ya kugawa 72: bei zikipanda 6% kwa mwaka, 72 gawanya kwa 6 unapata 12, maana yake ndani ya miaka 12 bei zinakuwa mara mbili na hela yako inanunua nusu ya inavyonunua leo. Mtu aliyebakiza miaka 24 astaafu hiyo ni robo. Sasa ile milioni iliyokufurahisha kwenye skrini irudie tena ukiwa na hilo kichwani.

Ada nayo haiulizwi KABISA, na hapa ndo niliudhika kweli. Mfuko wa uwekezaji unakata chake kila mwaka, upate faida au usipate, na watu wanaona 1.5% ni kitu gani bwana. Ule mfano wa 100 kwa mwezi miaka 30, toa 1.5% kwenye ile 7% ibaki 5.5%, mwisho unakuta kama 91,000 badala ya 122,000. Robo nzima imeondoka na hakuna siku uliyotumiwa ujumbe kwamba leo tumekukata! Kwa sasa dawa yake ni kupunguza mwenyewe, kama mfuko unasema unaleta 7% na ada ni 1.5 wewe jaza 5.5.

Kingine ni lile swali la "utahitaji asilimia ngapi ya mshahara wako", na mara nyingi wameshakujazia 70 au 80. Ya nani hiyo? Mtu na matumizi yake bwana. Nauli ya kila siku ya kwenda kazini itaisha, ada za shule zitaisha kama watoto wako walizaliwa mapema (kama ulichelewa hazijaisha, jihesabie), ila dawa zitaongezeka, na kuna watu wanaokutegemea ambao hawataacha kukupigia simu eti kwa sababu wewe umestaafu. Kisanduku cha ndugu hakipo. Cha paa kuvuja hakipo. Mi nashauri acha asilimia zao, shika daftari, andika matumizi yako ya miezi kadhaa, ya kweli sio ya kujisifu, halafu ongeza kidogo juu yake, kama fundi anavyoacha pindo kwenye nguo ya mtoto kwa kuwa anajua mtoto atarefuka hata kama hajui ni kwa kiasi gani. Hiyo namba ndo ujaze.

Halafu ile "pesa yako itatosha" inatoka wapi? Apu nyingi kimyakimya zinatumia kanuni ya 4%, iliyotokana na kazi ya mshauri mmoja wa fedha Marekani, William Bengen, mwaka 1994: mwaka wa kwanza unachukua 4% ya akiba yako, miaka inayofuata unachukua kiasi kilekile ukiongeza mfumuko wa bei, basi. Ukigeuza ni kwamba unahitaji matumizi ya mwaka mara 25. Ni kanuni nzuri kuanzia, ila aliijenga kwa takwimu za hisa na hatifungani (yaani kuikopesha serikali au kampuni ikulipe na riba) za Marekani na kwa miaka 30 ya kustaafu. Mtu anayetaka kupumzika na miaka 50 akaishi hadi 90 hiyo ni miaka 40, na apu inampa jibu lilelile.

Grafu yenyewe imenyooka mno pia. Soko la hisa haliendi hivyo, na ukishaanza kutoa pesa mpangilio wa miaka mibaya na mizuri una uzito. Una 1,000, kila mwanzo wa mwaka unatoa 100. Mwaka wa kwanza soko likishuka 30%, wa pili likapanda 10%, wa tatu 30%, unabaki na kama 628. Geuza, mzuri uanze mbaya umalizie, unabaki na 754. Soko ni lilelile, mtoaji ni yuleyule. Ndo maana pesa ya miaka ya mwanzo ya kustaafu usiiache yote kwenye hisa, ila apu haikwambii.

Nyota ya tatu ni ya kale kakisanduku ka "ongeza mchango kila mwaka". Wachumi Thaler na Benartzi walichapisha mwaka 2004 habari za wafanyakazi walioahidi mapema kwamba kila mshahara ukipanda na akiba ipande, wakatoka kuweka 3.5% ya mshahara hadi 13.6% ndani ya miezi 40. Hela ambayo hujaizoea haiumi kuitoa. Jaza hapo hata 1 tu uone grafu inavyobadilika.

Angalizo moja, ukimaliza inakuomba namba ya simu "uongee na mshauri". Ukiitoa simu zitakuja. Mshauri ongea naye ukitaka ila swali la kwanza iwe yeye analipwa na nani, wewe au mwenye mfuko anaokuuzia.

Na kabla hujaiamini yoyote ijaribu hivi: ukuaji weka 0, mfumuko wa bei 0, akiba ya mwanzo 0, mchango 100 kwa mwezi, na kile kisanduku cha kuongeza kila mwaka nacho 0, miaka 20. Jibu ni 24,000 kamili. Ikikupa kingine ifute.