Kuyeyusha fila ya chini ya macho hapa Tanga: uzoefu wangu

Kama una fila chini ya macho, yaani ile sindano ya kujaza mashimo ya uso, na huitaki tena, inaondoka. Naanza na hilo kwa sababu kwa muda mrefu kila niliyemuuliza aliniambia "vumilia, itaisha yenyewe", na haikuisha. Mimi nimeyeyushiwa hapa hapa Tanga, kwenye kliniki binafsi upande wa Raskazone, ambako daktari bingwa wa ngozi huja kwa zamu kutoka Dar. Nimeridhika, na najua wako dada zangu wengi wanaolificha jambo hili nyuma ya miwani.

Macho yangu yameingia ndani tangu usichana. Ni ya ukoo, mama yuko hivyo na shangazi zangu wako hivyo. Fila niliiweka Dar, na miezi ya mwanzo ilikaa vizuri kabisa. Baadaye nikawa naamka na vifuko viwili chini ya macho, laini, vinavyocheza ukivigusa. Fila nyingi ni asidi ya hayaluroniki, na tabia yake ni kuvuta maji. Ikiwekwa kwenye ngozi nyembamba ya chini ya jicho, mahali ambapo maji hayatoki kwa urahisi, inavimba. Nikila ng'onda, samaki mkavu wa chumvi, usiku, asubuhi macho yalikuwa hayafunguki vizuri hadi saa nne.

Halafu ikaja rangi. Siyo weusi wa uchovu, bali ubuluu uliofifia, unaoonekana zaidi ukisimama mlangoni mwangaza ukakupiga kwa pembeni. Daktari alinieleza kwamba fila ikikaa juu juu, mwanga unatawanyika ndani yake na ule wa buluu ndio unaorudi machoni mwa watu, kama moshi wa udi unavyoonekana wa buluu ukiwa mwembamba. Hakuna poda inayofunika kitu hicho, nimejaribu zote.

Nina duka la khanga Ngamiani, uso wangu unaonekana kutwa. Wateja walikuwa wananiuliza taratibu, "Shoga, kulikoni? Umelia?" Mama mkwe akamwita mume wangu pembeni kumuuliza ananifanyia nini. Mume wangu ni mtu mpole, na lile swali lilimuumiza kuliko lilivyoniumiza mimi. Hapo ndipo nilipoamua.

Sasa huduma yenyewe. Siku ya kwanza daktari hakunichoma sindano, na hilo ndilo lililonifanya nimwamini. Alinikalisha dirishani, akabonyeza bonyeza kwa kidole, akaniambia niangalie juu, chini, nicheke. Akanipeleka kupima mkojo na damu, kwa sababu uvimbe wa chini ya macho unaweza kutoka kwenye figo au tezi ya shingo, na mtu akalaumu fila bure. Majibu yalikuwa safi.

Kisha akauliza ni fila gani. Swali hili ni zito kuliko linavyosikika. Dawa ya kuyeyusha ni kimeng'enya kinachoitwa hayaluronidezi, na kinakata asidi ya hayaluroniki peke yake. Kama uliwekewa fila ya kalisi, silikoni, au mafuta yako mwenyewe, sindano hii haikusaidii kitu. Kule nilikowekewa hawakunipa karatasi yoyote. Nikawapigia, wakazungushana, mwisho dada mmoja akanitumia picha ya boksi kwa WhatsApp. Nikawauliza, na ninyi mnayo dawa ya kuyeyusha? Hawana.

Hapa nasema kwa moyo wote: mahali panapochoma fila pasipo na hayaluronidezi kwenye kabati, usikae kwenye kiti chao. Fila ikiingia kwenye mshipa wa damu inauziba. Ngozi inaweza kufa, na ikiwa ni mishipa inayokwenda jichoni mtu anaweza kupofuka. Wakati huo kimeng'enya hiki hakitafutwi kwa urembo, kinatafutwa kwa haraka na kila dakika ina thamani. Kuuza kimoja bila kuwa na kingine si haki kwa mteja.

Swali jingine lilikuwa kama nimewahi kuumwa na nyuki au nyigu nikavimba vibaya. Nilishangaa, lakini sumu ya wadudu hao ina kimeng'enya cha jamii hiyo hiyo, kwa hiyo mwenye aleji nao yuko hatarini. Sisi tuna ndugu Handeni wanaofuga nyuki, nimeumwa utotoni na sikupata shida. Hata hivyo alichoma tone kwenye mkono, chini ya ngozi, tukasubiri kama nusu saa. Palivimba kidogo tu kisha pakatulia. Pembeni palikuwa na sahani ya chuma yenye adrenalini, dawa ya dharura ya aleji kali, imeshaandaliwa. Niliiona kwa macho yangu, na nashauri na wewe uiangalie kabla hujalala.

Na mimi nilikuwa na langu la kuuliza: inatoka kwa mnyama gani? Nesi alicheka kidogo, daktari hakucheka. Akanipa karatasi ya ndani ya boksi nisome. Ile yake inatokana na kondoo. Ziko za ng'ombe, na ziko zinazotengenezwa maabara kwa kufuata kimeng'enya cha binadamu. Nilitosheka. Mwenzangu ambaye jambo hili linamgusa aulize mapema, ni haki yake.

Alinieleza pia kwamba matumizi yaliyoandikwa kwenye karatasi ile si haya ya fila. Madaktari wa macho wamekuwa wakiichanganya na ganzi kwenye upasuaji wa mtoto wa jicho ili ganzi isambae haraka. Kuyeyusha fila ni matumizi ambayo madaktari wameyazoea duniani kote, ila mgonjwa lazima aambiwe na asaini. Nikasaini.

Hofu yangu kubwa ilikuwa ile ya mitandaoni, kwamba dawa itakula na nyama za uso wako. Ni kweli haichagui. Asidi ya hayaluroniki ni ya mwilini pia. Iligunduliwa mwaka 1934 na Karl Meyer na John Palmer ndani ya jicho la ng'ombe. Lakini mtu wa kilo 70 anayo kama gramu 15, na karibu theluthi yake inavunjwa na kutengenezwa upya kila siku. Ya kwako inarudi, ya sindano hairudi. Kilichonituliza zaidi ni kwamba daktari alianza na dozi ndogo. Alisema wazi, "Mama, naweza kuongeza, siwezi kupunguza."

Siku yenyewe dawa ilikuwa unga mweupe chini ya kichupa, kidogo mno, unaweza kudhani kichupa kitupu. Nesi akaingiza maji ya chumvi ya hospitali, unga ukapotea palepale, yakabaki maji maangavu tu. Sindano ni nyembamba kama ya kisukari. Mchomo si tatizo, ila dawa ikiingia inaunguza kwa muda mfupi, machozi yakanitoka bila kutaka. Daktari akaanza kusugua kwa kidole gumba, kutoka kona ya jicho kwenda nje. Nikasikia kile kifuko kinalegea chini ya kidole chake. Kilikuwa kimejaa, kikanywea, kisha sikukisikia tena. Sijui nilieleze vipi zaidi ya hapo. Nilimshika nesi mkono nikamwambia, imeondoka.

Usishtuke na asubuhi inayofuata. Nilivimba kuliko nilivyokuwa mwanzo, na jicho la kushoto likavia damu, zambarau kisha njano. Nililala na mito miwili, nikaepuka wanja na vipodozi kama nilivyoelekezwa, na maji safi ya udhu hayakuwa na tatizo. Kichwa kilikuwa kizito nikisujudu, hilo tu. Kazi kubwa ya dawa inafanyika ndani ya siku moja au mbili, uvimbe ukatulia ndani ya wiki ile. Upande wa kushoto ulibaki na kipande, akakiondoa baadaye kwa dozi ndogo.

Jambo ambalo halisemwi sana ni lile shimo. Linarudi, na kwa siku za mwanzo linaonekana limezidi, kwa sababu ngozi ilikuwa imetanuliwa. Nilipojitazama kwenye kioo niliona sura ya mama yangu, na nilihitaji muda kuizoea tena. Mwenye harusi au shughuli karibuni asifanye wiki hiyo. Na kama unafikiri kuweka fila nyingine, daktari wangu alikataa hata kulizungumza hadi uvimbe wote uishe na ngozi itulie. Mimi siweki tena. Nimelala na ng'onda yangu tumboni na nimeamka na macho yaleyale niliyolala nayo.

Bei ni kubwa, sitaificha. Nililipa laki nne na ushee kwa macho yote mawili, ushauri na vipimo mbali. Bima haigusi mambo ya urembo. Mapokezi wanajibu simu kwa shida, na siku ya miadi nilisubiri tangu asubuhi hadi adhuhuri imepita. Kwa mtu mwenye duka hiyo ni hasara. Risiti walinipa, na safari hii nilipewa karatasi yenye jina la dawa, namba ya kichupa na dozi ya kila upande, nikaihifadhi pamoja na kadi yangu ya kliniki.

Kwa wa Tanga, Muheza na Pangani mnaotaka kwenda, pigeni simu wiki moja kabla msafiri. Dawa ikishachanganywa haiwekwi kwa kesho, kwa hiyo wanakusanya wagonjwa wa kuyeyusha siku moja. Ukifika siku nyingine utaonana na nesi tu, na utarudishwa. Nendeni na picha ya boksi la fila mliyowekewa, na kama aliyewaweka anakataa kuitoa, mwambieni daktari mapema ili apange muda mrefu zaidi wa kuwapima.